Fundi Anajibu: Valvu Zikinyamaza Kupita Kiasi

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Kiboriloni, Moshi, na ninatumia Honda CG125 ya zamani aliyoniachia baba. Mara tatu kwa wiki hupandisha bidhaa za duka hadi Marangu na kurudi na ndizi. Asubuhi pikipiki huwaka kwa kiki mbili tu, lakini nikiizima Himo kwa dakika kumi ikiwa bado ina moto, hupiga kiki hadi jasho linitoke. Nguvu zimepungua, na nikiachia mafuta injini hutetemeka kisha huzima. Fundi wa kwanza alisema ni kabureta, tukaisafisha bila mafanikio. Wa pili alisema ni hewa ya mlimani. Wote wawili walisifu valvu (milango midogo ya injini ya kuingizia mafuta na hewa na kutolea moshi) kwa sababu hazigongi, na ni kweli kwamba tangu ziliposetiwa miezi michache iliyopita injini imekuwa kimya kabisa. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba. Kinachonitia shaka katika barua yako ni kile kile ambacho mafundi wako wamekisifu. Injini ya CG, yenye pushi rodi (vijiti vya kusukuma) na roka (mikono midogo) zinazogonga mikia ya valvu, ina haki ya kusikika ikitikatika kidogo, na inaponyamaza kabisa mara tu baada ya kusetiwa, mimi huuliza kwanza kama aliyeiseti alitumia kipimo au alitumia masikio.

Hewa ya mlimani nayo tuiondoe kwenye kesi hii. Ni kweli kwamba injini yenye kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda, lakini hewa hiyo haiwezi kuigomesha pikipiki pale Himo, ambako mlima wenyewe hujauanza.

Kati ya roka na mkia wa valvu lazima kuwe na nafasi ndogo, ili valvu iweze kufunga kikamilifu. Kwa CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08, kwa valvu ya kuingiza na ya kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Nafasi ikizidi, utasikia kugonga, na valvu itafunguka kwa kuchelewa na kwa kiasi pungufu. Ni hasara, lakini ni hasara inayopiga kelele. Nafasi ikikosekana, valvu hubaki wazi kidogo sana wakati ambapo ilipaswa kuziba, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) huvuja, na injini hugoma hasa ikiwa na moto. Valvu ya kutoa moshi ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto lake huliachia kwenye kiti chake pale inapofunga. Isipokigusa kiti hicho sawasawa, ukingo wake huungua. Tena valvu zinapozama kwenye viti vyake kwa kuchakaa, mikia yake hupanda kuelekea roka, kwa hiyo nafasi huweza kupungua yenyewe bila mtu kuigusa, na bila sauti yoyote ya kukuonya.

Pima asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Isimamishe kwa stendi ya katikati, toa plagi, kisha ufungue kifuniko cha juu ya silinda hedi pamoja na kifuniko cha kushoto ili uione magneti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini). Ingiza gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma kuelekea mbele polepole. Kwa njia hiyo krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) itazunguka upande wake sahihi, na utaisimamisha unapotaka kwa urahisi kuliko kwa kiki. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba. Hewa ikianza kukisukuma kidole, pistoni inapanda kwa kompresheni. Endelea taratibu hadi alama ya T kwenye magneti ilingane na alama iliyo kwenye injini. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kazi, na alama ya T hupita pale pale mara zote mbili. Zishike roka kwa vidole: zikiwa na mchezo mdogo, uko mahali pake, zikiwa zimekaza, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili na uzijaribu tena. Zikibaki zimekaza safari zote mbili, basi tatizo lako umelishika mkononi.

Pitisha fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.08 kati ya skrubu ya roka na mkia wa valvu. Inapaswa kupita ikivutwa kidogo, kama noti mpya unayoitoa katikati ya vidole viwili. Isipopita, legeza nati ya kufungia, rekebisha skrubu, kisha uishikilie skrubu isizunguke wakati unakaza nati. Baada ya kukaza, pima tena, kwa maana nati huisogeza skrubu mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Najua kuna mafundi wanaotumia wembe badala ya fila. Wembe wa kunyolea wa pande mbili una unene wa karibu milimita 0.1, hivyo nafasi itazidi kidogo tu, na kwa injini hii nauona ni afadhali kuliko sikio. Kipande cha msumeno wa chuma sikikubali hata kidogo.

Ukimaliza, ipande kwenda Himo na uizime kama kawaida yako. Ikiwa bado inagoma, tia matone machache ya oili kwenye tundu la plagi na upige kiki: kompresheni ikiongezeka waziwazi, zitazame ringi za pistoni, isipobadilika, valvu imekwisha kuungua na hedi haina budi kushushwa. Fanya hivyo pia ikiwa nafasi itajifunga tena baada ya wiki chache.

SWALI: Fundi wangu hapa Sakina, Arusha, huseti valvu injini ikiwa ya moto, akisema ndivyo inavyofanya kazi barabarani. Je, yuko sahihi?

JIBU: Hapana, labda kama kitabu cha pikipiki yako kinasema hivyo. Alumini ya injini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida kwa joto lile lile, kwa hiyo nafasi hubadilika kadiri injini inavyopata moto, na kipimo cha baridi hakina maana tena. Usichukue pia 0.08 niliyoitaja hapo juu bila kuuliza. Zipo injini ambazo valvu ya kutoa moshi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuingiza. Mwachie pikipiki jioni, aiguse kesho yake kabla hajaiwasha.