Ana kesi ya kumpiga mkewe: apangwe Jumamosi au akae nje?

SWALI

Mimi ni katibu wa klabu ya mpira wa miguu, tunacheza Championship. Kiungo wetu tegemeo amefikishwa mahakamani akituhumiwa kumpiga mkewe nyumbani. Amekana shtaka na yuko nje kwa dhamana. Kocha anasema mambo ya ndoa tuwaachie wenye ndoa, yeye anamtaka Jumamosi. Mdhamini amepiga simu, anataka tuvunje mkataba leo leo. Mwenyekiti anasema tusubiri hukumu. Mkataba wenyewe hauna kipengele chochote kuhusu mwenendo nje ya uwanja. Kisheria tusimame wapi?

Katibu, Mwanza

JIBU

Ndugu Katibu, Jumamosi asicheze. Mshahara wake msiuguse. Mkataba msiuvunje. Najua jibu hilo halitamfurahisha hata mmoja kati ya hao watatu, kwa hiyo niwajibu mmoja mmoja.

Kocha namjibu kwa haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeandika wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zaidi ya miaka 50 imepita. Hilo la kuwaachia wenye ndoa halimo kwenye sheria, na klabu yenye mchezaji aliyeko nje kwa dhamana haiwezi kujifanya haijasikia.

Mdhamini ana hoja ya biashara, lakini anawasukuma mahali pabaya. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja makosa yanayoweza kuhalalisha kumwachisha mtu kazi. Limo shambulio dhidi ya mfanyakazi mwenzake, dhidi ya mteja, hata dhidi ya mtu wa familia ya mwajiri. Mke wa mfanyakazi mwenyewe hakutajwa. (Mke wa mwenyekiti wako amelindwa kwa maandishi, mke wa kiungo wako hapana. Sijui waandishi walikuwa wanafikiria nini.) Orodha hiyo haifungi mlango moja kwa moja, ila mzigo wa kuonyesha kwamba kilichotokea sebuleni kwake kinagusa ajira yake utakuwa wenu, na mkataba wenu haujawasaidia kwa lolote.

Kuna kikwazo kikubwa zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumpa mfanyakazi adhabu ya kinidhamu, ikiwemo kumfukuza, kwa jambo ambalo kimsingi ndilo lile lile aliloshtakiwa nalo kwa jinai, mpaka mahakama imalize na rufaa yake iishe. Mkivunja mkataba leo, mtakutana naye CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, na hapo mjadala utahama kabisa. Mkewe atasahaulika, mume ndiye atakuwa mlalamikaji.

Sasa mwenyekiti, ambaye hoja yake inaonekana ya busara kuliko zote: tusubiri hukumu. Tatizo ni kwamba hukumu inaweza isije kamwe. Kesi za namna hii huishia njiani kwa sababu shahidi mkuu anaacha kufika, wazee wa pande mbili wanakaa, na katika shambulio la kawaida sheria yenyewe inairuhusu mahakama kuhimiza wahusika wapatane. Shauri likiondolewa, mtakuwa hamna jibu lolote mikononi, na kwa miezi yote hiyo mtakuwa mmempanga kila wiki kana kwamba hakuna kitu.

Marekani walilijua hili kwa gharama. Februari 2014, Ray Rice, mchezaji wa Baltimore Ravens katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, alimpiga mchumba wake ndani ya lifti ya kasino moja huko Atlantic City. Siku chache baadaye ikatoka video inayomwonyesha akimburura mwanamke huyo nje ya lifti akiwa hana fahamu. Alishtakiwa, lakini Mei akaingizwa kwenye programu ya marekebisho, ile ambayo ukiimaliza vizuri mashtaka yanafutwa. Aliimaliza, yakafutwa mwaka 2015. Aliyekuwa anasubiri hukumu ya Rice angekuwa anasubiri mpaka leo.

Ligi nayo ikaharibu kila hatua. Julai, kamishna Roger Goodell alimfungia mechi 2. Watu wakapiga kelele, na mwishoni mwa Agosti ligi ikatangaza kiwango kipya: wiki 6 bila malipo kwa kosa la kwanza. Tarehe 8 Septemba ikatoka video ya pili, ya ndani ya lifti, ngumi yenyewe ikionekana. Siku hiyo hiyo Ravens wakavunja mkataba na ligi ikamfungia bila kikomo. Rice akakata rufaa. Novemba, Barbara Jones, jaji mstaafu aliyepewa shauri hilo kusikiliza, akaifuta adhabu ya pili: Rice hakuwa ameidanganya ligi, alishawaambia alichofanya, na kumwadhibu mara ya pili kwa tendo lile lile kwa sababu tu sasa watu wameliona kulikuwa ni uonevu. Fikiria hilo, Katibu. Mtu aliyempiga mwanamke mpaka akazimia anatoka kwenye usuluhishi akiwa mshindi, kwa sababu waajiri wake walifuata makelele badala ya utaratibu.

Lakini mimi kinachonikera zaidi katika mkasa ule kilitokea kabla ya video ya pili. Mwezi Mei klabu iliwaweka wawili hao meza moja mbele ya waandishi, kisha ikaandika kwenye akaunti yake kwamba mwanamke anajutia sehemu yake katika yaliyotokea usiku ule. Halafu ligi ilipofanya kikao chake cha kumsikiliza Rice, mwanamke huyo, ambaye walikuwa wameshafunga ndoa, alikuwepo chumba kimoja na mumewe. Utapata ukweli gani hapo? Kwa hiyo kiongozi yeyote wa klabu yako asiende kwa mke wa kiungo wenu kumwomba alegeze, wala kumpeleka mbele ya kamera. Mkihitaji maelezo yake, ayatoe akitaka, peke yake, kwa mtu asiye wa klabu. Na kumbukeni kwamba ni shahidi katika kesi iliyoko mahakamani, kumshawishi kunaweza kuwaingiza nyinyi wenyewe kwenye jinai.

Besiboli ya Marekani walijifunza kidogo. Agosti 2015 ligi kuu na chama cha wachezaji walikubaliana sera moja kuhusu ukatili wa nyumbani: kamishna anaweza kumweka mchezaji pembeni kwa malipo, siku 7 kwa kuanzia, uchunguzi ukiendelea, na anaweza kumwadhibu hata kama hakuna aliyefungua mashtaka. Wa kwanza kuadhibiwa alikuwa Aroldis Chapman, aliyefungiwa mechi 30 mwanzoni mwa msimu wa 2016, bila kesi yoyote ya jinai. Mwaka huo huo akauzwa katikati ya msimu kwenda Chicago Cubs na akamaliza na ubingwa. Rice hakucheza NFL tena. Watu hupenda kusema tofauti ni uzito wa makosa. Mimi naona tofauti ni video, na kwamba Rice alikuwa ametoka kwenye msimu mbovu ilhali Chapman alikuwa bado anarusha mpira kwa kasi kuliko karibu kila mtu duniani. Soko la wachezaji halina maadili yake lenyewe, ndiyo maana inahitajika kanuni iliyoandikwa kabla hujajua ni nani atakayeshikwa nayo.

Turudi Mwanza. Njia iliyo wazi kwenu ni ile ya Kanuni za 2007: tuhuma zikiwa nzito, mwajiri anaweza kumsimamisha mfanyakazi kwa malipo kamili, kwa barua inayotaja sababu na masharti. Hiyo si adhabu, kwa hiyo haigongani na katazo nililolitaja. Mashabiki watauliza kwa nini alipwe akiwa amekaa. Jibu la kisheria ni kwamba hajahukumiwa. Jibu langu mimi ni kwamba mshahara huo huo ndio unaolipa kodi ya nyumba anayoishi yule mke na ada za watoto, na mwanamke akijua kwamba akienda polisi chakula kinakatika, safari ijayo hataenda. Mnaweza hata kumwomba mchezaji akubali kwa maandishi sehemu ya mshahara iende moja kwa moja kwa familia. Bila maandishi hayo au amri ya mahakama, msikate hata shilingi. Na kama ni mchezaji wa kigeni, mjue kanuni za FIFA: mishahara ya miezi 2 isipolipwa, anawapa notisi ya siku 15 kisha anaondoka akiwa na madai.

Je, akirudi, anastahili kucheza tena? Nadhani anaweza, na sikubaliani na wanaotaka kifungo cha maisha kwa kila kesi. Ila arudi baada ya jambo kuamuliwa, awe amelikiri kama alilifanya, na asiwe tishio kwa aliyemuumiza. Hilo la mwisho linampasa yeye mwanamke kulisema, kocha hawezi kumsemea.

Msimu ujao wekeni kipengele kwenye mikataba yote, na wachezaji wenyewe washirikishwe kukiandika: kusimamishwa kwa malipo tuhuma zinapofika polisi, jopo la watu wasio viongozi wa klabu, na adhabu moja tu kwa tendo moja hata ikitoka video mpya. Kiungo wenu kipengele hicho hakitamgusa, maana hakikuwepo aliposaini.

Kwa sasa, barua itoke kabla ya Ijumaa. Itaje tarehe ya shtaka, iseme analipwa kamili, iseme lini mtapitia upya uamuzi huo, nakala ibaki kwenye faili. Neno "adhabu" lisiwemo popote. Mdhamini mpelekeeni taarifa kwamba hatua imechukuliwa, lakini barua yenyewe ya mfanyakazi asipewe.