Mlango wa marubani haupitishi risasi, geti la pili la nini?

Ndugu uliyeuliza kwa nini Marekani inalazimisha geti la pili mbele ya chumba cha marubani wakati mlango wa chumba cha marubani tayari ni imara, nimekuwa mhudumu wa ndege kwa miaka mingi, naomba nikujibu.

Mlango ule ukifungwa hauna neno. Tatizo ni pale unapofunguliwa, na safari ndefu lazima ufunguliwe, maana rubani naye huenda msalani. Kwetu ilikuwa hivi: wanapiga simu kutoka ndani, tunavuta pazia, tunaweka toroli la chakula kukinga njia na kukanyaga breki yake, kisha mmoja wetu anasimama pale akiwakabili abiria. Nimesimama hapo mara nyingi. Mtu mwenye nguvu aliyedhamiria, toroli na mimi tungemzuia kwa muda gani?

Desemba 2000 abiria aliyechanganyikiwa akili aliingia kwa marubani wa British Airways iliyokuwa ikitoka London kwenda Nairobi, akang'ang'ania usukani, Boeing 747 ikaporomoka maelfu ya futi kabla hajadhibitiwa. Haukupita mwaka, ikaja Septemba 11. Ndipo milango ikaimarishwa kwa sheria, na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ikaifanya lazima kwa ndege kubwa za abiria kuanzia Novemba 2003.

Geti la pili ni jepesi, la kukunja, na hufungwa kabla mlango haujafunguliwa. Kanuni ya Marekani inataka limcheleweshe mvamizi angalau sekunde 5, na hizo zinatosha kuubamiza mlango. Ellen Saracini, mjane wa rubani wa United 175, moja ya ndege zilizotekwa Septemba 11, amelipigania kwa miaka mingi. Bunge la Marekani liliagiza mwaka 2018, kanuni ikatoka 2023, tena kwa ndege mpya tu, na hata hapo mashirika yakaongezewa muda hadi 2026. Hili linaniuma sana. Ndege hukaa kazini miaka 20 na zaidi, kwa hiyo wenzangu wengi bado wanakinga njia kwa toroli.

Aliyetaja ndege ya Germanwings, shirika la Ujerumani, mwaka 2015, ambako rubani msaidizi alimfungia nahodha nje, akaiangusha ndege makusudi na wakafa watu 150, ana hoja, ila geti halikuundwa kwa hatari iliyo ndani. Hiyo inadai uangalizi wa afya ya akili ya marubani, na mtu wa pili kuingia mmoja wao anapotoka. Sheria ishughulikie yote mawili, na ndege za zamani ziwekewe tarehe ya mwisho isiyoahirishwa.