Mbio za magari milimani California: nilikuwepo 1999 mpaka 2006, nakujibu

Mkuu umeuliza kama zile mbio za magari kwenye milima ya California zilikuwepo kweli au ni mambo ya muvi. Zilikuwepo, na mimi nilikuwa mmojawapo enzi naishi Pasadena, mji jirani na Los Angeles.

Kwanza tuelewane, hizi siyo zile za mjini za kuvutana kwenye mstari mnyoofu kwa dau. Milimani hakuna aliyekuwa na habari na hela. Sisi tulikuwa tunapanda Angeles Crest, barabara namba 2 inayoanzia La Cañada na kukata milima ya San Gabriel mpaka Wrightwood, maili zaidi ya 60 kona tupu, huko juu unapita mita 2,400 toka usawa wa bahari. Jumapili alfajiri mnakutana sheli ya chini, mnajaza tenki maana ukishaanza kupanda simu haishiki na mafuta hupati, mnapiga stori mbili tatu halafu mnaondoka wawili wawili. Kituo ni Newcomb's Ranch, mgahawa katikati ya msitu, umejaa pikipiki na Porsche za wazee.

Wale wazee aisee ndio walikuwa shule yenyewe. Wengi walianzia Mulholland Drive miaka ya 70, ile inayopita juu ya Hollywood, na kona zake walizijua kwa majina, moja waliiita Sweatbox, mtu akiitaja tu unaona mikono inajikunja kama kashika usukani. Walisema usiku watu walikuwa wanapaki pembeni kuangalia, na kuna magari yalitumbukia bondeni hayakutolewa tena.

Sasa mnashindanaje? Barabara ni nyembamba, hamuendi sambamba, mmoja anatangulia mwingine anafuata, ukimwacha umeshinda, akikuganda mpaka juu mnabadilishana nafasi. Na kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mstari wa njano wa katikati hauguswi. Ukiukanyaga, hata kama unaona mbele kweupe, wiki ijayo usije, kwa sababu huko upande wa pili kuna mtu na baiskeli yake au familia imetoka kutembea na haikukubaliana na wewe kushindana. Nilimuona jamaa ana BMW kali kabisa akinyimwa hata salamu kwa hilo.

Mimi nilikuwa na Civic ya 1992, injini ya 1.6, nguvu ya farasi 125, ila kwenye kuteremka iliwasumbua hata wenye injini kubwa za V8 na mimi kichwa kikavimba. Siku moja 2001 tunashuka kutoka Newcomb's namfukuza mzee mmoja wa Miata, kale kagari kadogo ka Mazda, mimi kila kona nafunga breki dakika ya mwisho, yeye taa zake za breki haziwaki mara nyingi nikajua huyu anaogopa, kumbe anashuka na gia. Kona ya kulia nakanyaga pedali inazama mpaka chini, laini kama sponji. Mafuta ya breki yamechemka! Nikapiga gia ya pili injini ikalia, nikapampu pampu, gari zima likavuka mstari likaenda kusimama kwenye kokoto za upande wa pili na mbele yangu ni korongo. Hakuna aliyekuwa anakuja. Angekuwepo ningemuua.

Mzee akageuza akarudi, hakunifokea, akakaa na mimi kama nusu saa breki zipoe. Akaniambia mafuta ya breki yana madaraja, DOT 3 hata ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, DOT 4 ni 230, na zote zikishanyonya unyevu zinashuka sana, na ya kwangu ilikuwa ya miaka. Mimi mtoto wa Iringa, nimekua naangalia malori yanateremka Kitonga na gia ndogo, halafu nakuja kukumbushwa hilo ugenini. Iliniuma mno.

Baadaye wakaja vijana na kamera, mstari wa njano kwao ukawa rangi tu, na polisi nao wakaongezeka. 2009 moto mkubwa ukala eka 160,000 na barabara ikafungwa muda mrefu, Newcomb's wenyewe wakafunga 2020. Mimi nilishaondoka. Civic nilimuuzia dogo mmoja wa Glendora aliyekuwa ameanza kupanda milima, na kabla sijampa funguo nilimwaga mafuta yote ya breki nikamwekea mapya, yeye kasimama pembeni anaangalia.