Shoti Haimpigi Mtu

Msomaji wetu wa Ujiji, Kigoma, ameandika: "Fundi jirani yetu alipigwa shoti akiwa darini. Mwanangu wa darasa la saba akaandika katika daftari lake la sayansi kwamba volti 230 zilipita mwilini mwa fundi, na mwalimu akamnyima alama. Kosa liko wapi?"

Mwalimu yuko sahihi. Volti hazipiti popote, kwa kuwa volteji ni tofauti ya msukumo kati ya nukta mbili za sakiti, yaani njia ya umeme. Kinachopita ni mkondo, yaani mwendo wa chaji, nao hupimwa kwa ampea. Maji ya Malagarasi huteremka hadi Ziwa Tanganyika kwa sababu ya tofauti ya kimo, lakini kinachofika ziwani ni maji, si kimo.

Linaloniudhi zaidi ni neno alilolitumia mzazi mwenyewe. "Kupigwa shoti" kumeenea kutoka Kigoma hadi Tabora, vinywani mwa mafundi na katika habari za magazeti, na sasa kunaingia hata katika majibu ya mitihani. Shoti, neno tulilolitoa katika Kiingereza kwa maana ya "fupi", ni hitilafu ya njia ya mkato: waya wa moto, ule unaoleta umeme, unapogusana na waya wa nyutro, ule unaourudisha, bila taa, pasi wala jiko kati yao, ukinzani, yaani kizuizi kwa mkondo, hukaribia sifuri, mkondo hupanda ghafla, nyaya huchemka na fyuzi hukatika. Mwili wa binadamu si njia ya namna hiyo hata kidogo. Tuseme ukinzani wake ni omu 2,000; gawanya volti 230 kwa ukinzani huo wa 2,000, utapata mkondo wa ampea 0.115, ulio mdogo kuliko ule wa balbu ya wati 40. Mdogo hivyo, bado unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua, na fyuzi ya ampea 5 haitakatika kamwe kwa ajili yake. Ndiyo maana silichukulii kosa hili kuwa dogo: anayeamini kwamba fundi alipigwa shoti ataamini pia kwamba fyuzi ingemwokoa.

Barazani sibishani tena na mtu, maana nimekwisha kuchoka. Daftarini na gazetini, hata hivyo, fundi alinaswa na umeme, au alipigwa na umeme. Na anayeng'ang'ania shoti atuonyeshe kwanza nyaya zilizogusana.