Maswali ya Wasomaji: Nyaya Shambani Kandokando ya Sabaki

SWALI: Assalamu aleikum, mhariri. Shamba letu liko ng'ambo ya daraja la Sabaki, upande wa Mambrui. Mwezi uliopita walikuja wanafunzi wa chuo, wakapanga vigingi vya chuma kwa mstari, wakaviunganisha kwa waya hadi kwenye kisanduku chenye betri, na kabla ya magharibi wakaondoka pasipo kuchimba hata shimo moja. Walisema wanachora ramani ya mashapo ya mto, yaani mchanga na udongo ulioletwa na maji. Mtu huijuaje ardhi asiyoichimba? Na kwa nini kisima changu kina maji ya chumvi, ilhali cha jirani, hatua 200 tu, kina maji baridi?
Mkulima, Magarini

JIBU: Waaleikumu salaam, ndugu yangu. Tuanze na mto, kwa maana vigingi vile vilikuwa vikitafuta alama za kazi yake ya maelfu ya miaka. Maji yapitayo chini ya daraja lenu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, huungana na Tsavo yakaitwa Galana, na huku pwani yakawa Sabaki. Nayo hubeba udongo mwingi hata mvua zikikolea ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya hudhurungi. Mto unapovuka kingo zake, maji hupoteza kasi: mchanga, ulio mzito, huanguka karibu na ukingo, tope laini husogea mbele kidogo, na chembe za udongo wa mfinyanzi huelea hadi mabondeni, zikatulia polepole maji yakishasimama. Tena mto huhama. Mkondo ulioachwa hubaki chini ya mashamba, umejaa mchanga au umezibwa na mfinyanzi, na juu yake watu hupanda mahindi.

Udongo wa aina hizi haupitishi umeme kwa kiasi kimoja. Vigingi viwili huingiza umeme ardhini, viwili vingine hupima tofauti ya volti, na kutokana na vipimo hivyo hukokotolewa ukinzani wa udongo, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, kazi ambayo Conrad Schlumberger wa Ufaransa alianza kuijaribu mwaka 1912. Vigingi vikitenganishwa zaidi, umeme hufika chini zaidi. Mstari wa mita 100 huonyesha kina cha takriban mita 15 hadi 20. Mfinyanzi wenye unyevu mara nyingi husoma chini ya omu-mita 50 (omu-mita ni kipimo cha ukinzani), ilhali mchanga mkavu hufika mamia, hata maelfu. Ipo pia ala ya sumakuumeme inayobebwa mkononi bila kugusa ardhi, nayo hufaa kwa kulizunguka shamba kubwa upesi. Rada ya ardhini, inayotuma mawimbi ya redio chini ya udongo, singeipendekeza kwenu, kwani mawimbi yake humezwa na mfinyanzi na chumvi.

Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini. Kisanduku kile hakioni udongo; hupima ukinzani tu, na jina la udongo hutolewa na binadamu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme kama mfinyanzi, pengine kuushinda, kwa kuwa maji ya bahari yenyewe yana takriban omu-mita 0.2. Karibu na mlango wa Sabaki, ambako bahari huingia mtoni maji yanapojaa, ni rahisi mno kuvichanganya viwili hivyo. Kwa hiyo mchoro ambao haujathibitishwa kwa mashimo machache ya keekee ya mkono, mimi siuiti ramani, hata ungepakwa rangi za kupendeza namna gani.

Kuhusu visima, mara nyingi katika nyanda kama zenu kisima chenye maji baridi huwa kimechimbwa kwenye mkondo wa zamani wa mchanga, unaohifadhi maji ya mvua na ya mto juu ya maji ya chumvi, ambayo ni mazito zaidi. Chenye maji ya chumvi huwa kimepita katika mfinyanzi ulionasa chumvi, au kimechimbwa chini mno kikavuka mpaka wa maji baridi. Kabla hujatumia fedha kuchimba kingine, waombe wanafunzi wale mchoro wa mstari uliopita kati ya visima hivyo viwili, nawe uwape kina cha kila kimoja na ladha ya maji yake wakati wa kiangazi na wa masika. Habari hizo unazo wewe, na hakuna kigingi kitakachowapa. Na wakirudi kupima, watoto na mbuzi wakae mbali na nyaya, kwa sababu volti zake zinaweza kufika mamia.