Desemba jua huzama kabla ya saa kumi: namna ya kusoma riwaya za vijiji vya Uingereza

Msomaji wa Mombasa au Tabora akifungua riwaya ya kijiji cha Uingereza hukwama mapema, na kinachomkwamisha mara nyingi si Kiingereza. Hukwama kwa sababu haoni kinachotokea. Kasisi mpya amehamia, bibi mmoja ameudhika kwa kutoalikwa chai, jiko la shule limegoma kuwaka, na kurasa arobaini zimekwisha. Anayesubiri kisa kichemke huifunga hapo hapo. Lakini katika riwaya hizi hali ya hewa na mwanga wa siku ndivyo vinavyosukuma mambo. Watu hukutana kwa kuwa mavuno yameiva, hununiana kwa kuwa theluji imewafungia ndani, huchumbiana kwa kuwa jioni za Juni haziishi. Ukishajua ni mwezi gani, nusu ya kisa umekishika.

Basi anza na mwanga. Sisi wa karibu na ikweta jua letu huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, likicheza kidogo tu huku na huku, kwa hiyo tunasoma neno "jioni" bila kuuliza jioni ya mwezi gani. London mnamo tarehe 21 Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Tarehe 21 Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na dakika ishirini usiku. Mwishoni mwa Machi na Septemba usiku na mchana hukaribia kulingana. Ziandike tarehe hizo nne kwa penseli kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu, kisha rudia ile sura ambayo wageni wanawasili kwa chai ya saa kumi na mwenyeji anahangaika na taa. Si mapambo yale. Nje giza linaingia, barabara haina taa, na mgeni wa kurudi kwa miguu lazima aondoke mapema au alale.

Kuna mtego mmoja hapa. Uingereza ilianza kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi mwaka 1916. Ikiwa riwaya ni ya kabla ya hapo, toa saa moja: jua la Juni litazama saa mbili na dakika ishirini usiku kwa saa ya ukutani ya wahusika.

Maneno yetu ya majira nayo hupotosha. Kwetu kiangazi ni jua kali na ardhi iliyopasuka, wakati kiangazi cha kule ni kijani kibichi, na mvua inaweza kuharibu mchezo wa kriketi siku tatu mfululizo. Vipimo vya joto katika vitabu vya zamani ni vya Fahrenheit. Mhusika akilalamika kwamba imefika 80 na hawezi kupumua, hiyo ni nyuzi 27 za Selsiasi, ambayo mtu wa Tanga angeiita siku ya kawaida. Usimcheke. Amevaa sufu, na dirisha lake lilitengenezwa ili kuzuia baridi.

Sasa vitabu. Kama utasoma kimoja tu kwa kufuata majira, kiwe Under the Greenwood Tree cha Thomas Hardy, cha mwaka 1872. Mwandishi mwenyewe amekigawa kwa majira: sehemu ya baridi ina sura 9, ya machipuko 8, ya kiangazi 4, ya majani kupukutika 7, na hitimisho 2. Kimekwisha muda wa hakimiliki na kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Chagua faili la epub, ambalo hukuruhusu kukuza herufi kwenye simu.

Ratiba yenyewe ni hii. Sura ya kwanza inatokea mkesha wa Krismasi, gizani, kwenye njia ya msituni ambako kila mti unatambulika kwa sauti yake upepo ukipita. Isome usiku wa tarehe 24 Desemba, kisha sura moja kila usiku. Sehemu ya baridi itakwisha Januari mosi. Sehemu ya machipuko iwekee Aprili, sura mbili kwa wiki. Kiangazi kisome Julai kwa jioni mbili. Sehemu ya nne, ambamo watu wanachuma njugu za mwituni na kurina asali, ianze mwishoni mwa Septemba. Sura mbili za mwisho ziache hadi miti ya kule ichipue tena. Ndiyo, miezi zaidi ya sita. Wengi hushindwa hapo na kuzimaliza usiku ule ule wa Oktoba. Haiharibu kitabu, ila utaingia kwenye siku iliyojaa majani mabichi ukiwa bado na majani makavu kichwani.

Hatari ya kusoma kwa mapengo ni kusahau watu. Kata kadi ya ukubwa wa kiganja, iwe ndiyo alama yako ya ukurasa, uandike majina manane tu. Kwa kitabu hiki: William Dewy (babu), Reuben (baba, mchukuzi wa mizigo), Dick (kijana), Fancy Day (mwalimu mpya), Geoffrey Day (baba yake), Maybold (kasisi), Shiner (mkulima tajiri), Leaf (kijana dhaifu wa akili anayeimba sauti ya juu). Vizazi vitatu vya kina Dewy wanapiga ala za nyuzi kanisani, na kasisi anataka kuwaondoa aweke kinanda. Mgogoro mkubwa ni huo. Aliyewahi kuona kwaya ya zamani ikisukumwa pembeni na kibodi mpya hahitaji kufasiriwa.

Lahaja ya wanakijiji wa Hardy inatisha kwa macho, lakini ukiisoma kwa sauti maneno mengi hujifungua. Na onyo la dhati: ukikipenda, usikimbilie riwaya nyingine za Hardy ukitarajia utulivu uleule. Nyingi zitakuvunja moyo, na ndivyo alivyokusudia.

Baada ya hapo nenda kwa Miss Read. Hilo ni jina la kalamu la Dora Saint, aliyefariki 2012, kwa hiyo vitabu vyake bado vina hakimiliki. Tafuta nakala za mitumba au maktaba. Village School, cha 1955, kimegawanywa kwa mihula mitatu ya shule, kikianza Septemba. Village Diary, cha 1957, kinakwenda mwezi kwa mwezi kuanzia Januari, na hakuna kitabu rahisi zaidi cha kusoma mwaka mzima: sura moja, mwezi mmoja, jioni moja. Thrush Green, cha 1959, chote kinatokea siku moja, tarehe 1 Mei, siku ya maonyesho ya kijijini, basi kipe siku yake. Katika vile viwili vya kwanza, mtazame Bi Pringle, mfanya usafi wa shule ya kijiji cha Fairacre, na majiko yake ya makaa. Kuyasugua hadi yang'ae anapenda. Kuyaona yakiwashwa kunamuuma, kwa sababu moto huleta majivu na majivu huleta kazi. Akiudhika, mguu wake mbovu huanza kuchechemea. Ukisoma vipande hivyo bila kujua kwamba darasa la mawe mwezi Oktoba ni kama friji, utamwona mwalimu anabembeleza anasa. Sivyo, watoto wanatetemeka.

Kwa usiku mrefu kuna Cranford cha Elizabeth Gaskell, kilichotoka kwa vipande katika gazeti la Household Words kati ya 1851 na 1853. Mji wake umechorwa kutokana na Knutsford, huko Cheshire. Sura ni 16 na nyingi husimama zenyewe, kwa hiyo moja kwa wiki kuanzia Novemba itakufikisha Februari. Kuna mahali Miss Matty, mama mzee ambaye hakuolewa, anabana matumizi ya mishumaa. Huweka miwili mezani lakini huwasha mmoja tu, na huibadilisha kila mara ili ibaki na urefu sawa, maana mgeni akibisha hodi yote miwili itawashwa, na hapaswi kugundua kwamba mmoja ulikuwa umepumzishwa. Izime taa ya chumbani, uache mshumaa mmoja, usome ukurasa huo. Utaelewa aibu yake, na pia kwa nini jioni hizo watu walifuma au walikaa tu wakizungumza.

Usidanganywe na neno "riwaya za utulivu". Ndani ya Cranford mtu anagongwa na treni na benki inafilisika na akiba ya Miss Matty. Utulivu wake hautokani na kukosekana kwa msiba, bali na namna majirani wanavyoubeba bila kumdhalilisha aliyepatwa.

Sasa makosa yanayoharibu raha, na ninayoyaona makubwa ni mawili. La kwanza ni kula vitabu vitano vya mfululizo mmoja kwa mpigo. Utakinai, kwa sababu mwandishi wa mfululizo lazima awatambulishe upya watu walewale kila kitabu. Kitabu kimoja kwa majira mamoja kinatosha, na katikati soma kitu chenye pilipili. La pili ni kuruka aya za mandhari. Ukiruka ukungu na sakitu, hutajua kwa nini daktari amechelewa sura inayofuata.

Mambo madogo ya kufafanua mapema. Cheo cha kanisani kina uzito wa pesa: zamani rector alipata zaka zote za parokia, vicar alipata zile ndogo tu, na curate ni msaidizi mwenye mshahara mwembamba, ndiyo maana mama wenye mabinti humpima kwa jicho la huruma. Neno dinner kwa watu wa nyumba ndogo ni chakula cha mchana, kwa matajiri ni cha usiku. Na tea ya watoto wa kijijini ni mlo kamili wa saa kumi na moja, si kikombe tu. Fedha za kabla ya tarehe 15 Februari 1971 ni peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni. Msomaji wa kwetu hujikwaa hapa kwa kujiamini, kwa sababu neno shilingi analijua, ila shilingi ya Afrika Mashariki tangu ianze 1921 ilikuwa na senti 100.

Kama utataka kula wanachokula wahusika, tengeneza skonzi. Ile ya madukani kwetu ni mkate laini wa hamira. Ya kule haina hamira na huliwa siku ileile. Chukua unga wa ngano gramu 225, baking powder vijiko vya chai viwili na nusu, chumvi kidogo sana, siagi baridi gramu 55, sukari gramu 25 na maziwa mililita 150. Sugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga, tia sukari, mimina maziwa, kusanya upesi. Usikande, ukikanda unga hushikamana na utatoa jiwe. Sukuma unene wa sentimita mbili na nusu, kisha kata kwa glasi kwa kuikandamiza wima bila kuizungusha, maana kuzungusha hufunga kingo na skonzi huumuka upande mmoja. Oka kwa nyuzi 220 za Selsiasi dakika 12 hadi 15. Kwenye jiko la mkaa, weka moto mwingi juu ya mfuniko na mdogo chini, vinginevyo tako litaungua kabla uso haujabadilika rangi. Chai iwe ya buli: lipashe kwa maji moto, yamwage, weka kijiko cha majani kwa kila mtu na kimoja cha ziada, mimina maji yanayochemka, subiri dakika nne. Maziwa hutiwa kikombeni. Chai yetu ya kuchemshwa pamoja na maziwa na tangawizi ni tamu zaidi, sibishi, lakini huwezi kuongezea mgeni wa pili kwa maji moto tu, na mazungumzo ya vitabu hivi hutegemea buli linaloongezwa.

Mwisho, zijue saa za asili, kwa sababu waandishi hawa huzitaja badala ya tarehe. Maua madogo meupe yaliyoinamisha vichwa yakitokeza kwenye theluji ni Januari au Februari. Zulia la maua ya buluu msituni ni mwishoni mwa Aprili na Mei. Nyasi kavu hukatwa Juni na Julai, ngano huvunwa Agosti, matunda meusi ya miibani huchumwa Agosti na Septemba, na tarehe 5 Novemba kijiji kizima hunuka moshi wa mioto ya Guy Fawkes, ya kukumbuka njama iliyoshindwa ya kulipua Bunge. Na mhusika akisimama ghafla kwenye lango la shamba kusikiliza ndege anayeita kwa sauti mbili, hiyo ni Aprili, na ndege ni kekeo. Tangu 2011 watafiti wa British Trust for Ornithology wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vidogo vya setilaiti, na wamewafuata hadi misitu ya bonde la Kongo, ambako hupitisha baridi. Huku kwetu hukaa karibu kimya. Wimbo ule ambao kijiji kizima kinausubiri huanza wakifika kule.