Risasi zina kasi ya kweli, mbona gemu halichezeki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Mwanza, natengeneza gemu la mapigano ya bunduki, lile ambalo mchezaji anaona kwa macho ya mhusika mwenyewe. Natumia Unity, programu ya kutengenezea magemu. Nilipania kila kitu kiwe cha kweli: risasi ya AK-47 inatoka kwa mita 715 kwa sekunde, uvutano ni 9.81, milango ina upana wa sentimita 90 kama ya nyumbani, na pembe ya kamera nimeiweka digrii 28 baada ya kupima skrini yangu na umbali wa kiti. Ukipigwa risasi mbili za kifua, umekufa. Ramani kubwa kuliko zote ina mita 60 toka kona hadi kona. Wenzangu wanaoijaribu, wengine kupitia seva iliyoko Ulaya, wanalalamika kwamba risasi zinapenya ukuta, kuruka ni kama puto, mlangoni wanakwama, kichwa kinawauma, na wanakufa kabla ya kujua nani kawapiga. Nipunguze uhalisia wapi bila gemu kugeuka katuni?

JIBU: Marahaba. Vipimo vyako karibu vyote ni sahihi, na tabu imeanzia hapo hapo. Mtu halisi mwenye bunduki ana shingo inayogeuka, masikio yanayotambua upande, bega linalohisi uzito wa silaha, na mwili unaojipinda wenyewe anapopita mlangoni. Mchezaji wako ana kipanya na kidirisha cha inchi 24. Kwa hiyo uache uhalisia katika mambo anayoyaamua: apite wapi, afyatue sasa au asubiri, ajaze risasi lini. Uupunguze katika yale ambayo mwili wake ungeyafanya bila kufikiri.

Risasi kupenya ukuta hakuhusiani na uhalisia hata kidogo. Usipobadilisha mipangilio, Unity hupiga hesabu za fizikia kila baada ya sekunde 0.02. Zidisha 715 kwa 0.02 upate mita 14.3. Katika hatua moja risasi iko mbele ya ukuta wa sentimita 20, hatua inayofuata iko chumba cha tatu, na katikati hapo hakuna aliyeiuliza imepita wapi. Ukitaka risasi inayosafiri, kila hatua hifadhi mahali ilipokuwa, kisha piga mwale (mstari usioonekana unaouliza umegonga nini; katika Unity ni Physics.Raycast) kutoka hapo hadi mahali ilipofika, wenye urefu ule ule wa umbali iliosafiri.

Kuna mtego wa pili ambao huwapata wengi baada ya kurekebisha wa kwanza. Mwale unaoanzia ndani ya kolaida, yaani umbo lisiloonekana la kugundua mgongano wa kitu, hauioni kolaida hiyo. Mchezaji akijibanza ukutani, mdomo wa bunduki unazama ndani ya tofali, mwale unaanzia humo, na anayepigwa ni mtu wa upande wa pili. Dawa yake ni kupiga mwale mfupi kwanza, kutoka kamera hadi mdomo wa bunduki. Ukigonga kitu, risasi iishie hapo hapo. Ukipata nafasi, weka animesheni ya kuinua mtutu, ili mchezaji aone kwa nini hawezi kupiga. Kama njia ni nyeupe, tafuta kwa mwale wa kamera kile kilicho katikati ya skrini, halafu ielekeze risasi kutoka mdomoni hadi kwenye nukta hiyo. Bila hivyo alama ya shabaha itasema hapa na risasi itagonga pembeni, hasa kwa vitu vya karibu.

Ila kwa ramani ya mita 60 sioni haja ya risasi inayosafiri. Mita 60 kwa kasi hiyo ni sekunde 0.084. Risasi inakuwa imeshuka sentimita 3.5 tu, na hakuna mchezaji atakayeona hilo. Anayekimbia kwa mita 5 kwa sekunde anakuwa amesogea sentimita 42, lakini hiyo ni kona hadi kona. Kwa mita 20, ambako watu wengi watakutana ndani ya majengo yako, ni sentimita 14. Mwale wa papo hapo, unaogonga saa ile ile ya kufyatua, unatosha. Counter-Strike, gemu maarufu la bunduki, imetumia njia hiyo miaka yote na hakuna anayeilaumu kwa kukosa ukweli. Katika gemu la Arma 3, ambalo kisiwa chake cha Altis kina kilomita za mraba zipatazo 270, mambo ni tofauti: kwa mita 300 risasi hiyo hiyo huchukua sekunde 0.42 na kushuka sentimita 86, na hapo bado sijahesabu hewa inayoipunguza kasi. Huko mpigaji anakadiria umbali, anainua shabaha, anamtangulia mkimbiaji. Kushuka kwa risasi kumekuwa uamuzi, kwa hiyo kuna faida kuweka hali hiyo. Kwako ni mzigo wa prosesa tu.

Sasa kufa bila kujua. Hili ndilo kubwa, nalo lina hesabu yake. Chukua idadi ya risasi zinazoua, toa moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa kasi ya bunduki kwa dakika. AK-47 hufyatua takriban risasi 600 kwa dakika, kwa hiyo risasi mbili ni sekunde 0.1. Mtu wa kawaida huchukua kama sekunde 0.2 hadi 0.25 kuitikia kitu alichokiona kwa macho, na hapo hajageuza kipanya. Mpigwaji wako amekufa kabla ubongo wake haujapokea habari. Anachojifunza ni kwamba alikuwa na bahati mbaya, na somo hilo halimfai raundi inayofuata.

Njia ya kwanza ya kutoka ni kuongeza risasi zinazohitajika. Tano ni sekunde 0.4, sita ni nusu sekunde, na mpigwaji anapata muda wa kugeuka na kujibu. Halo ya mwaka 2001 ilikwenda mbali zaidi: ikampa mchezaji ngao inayojijaza yenyewe, pambano likawa refu na kila mtu akapata nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Hapo katuni unayoiogopa inakaribia.

Njia ya pili, ambayo kwa gemu lako naiona bora, ni kuacha kifo kiwe cha haraka lakini kumpa mchezaji habari kabla ya risasi. Rainbow Six ya mwaka 1998 iliua kwa risasi moja au mbili, lakini ilimpa mchezaji ramani ya kupanga mashambulizi kabla ya kuingia. Aliyekufa alijua mpango wake ulikuwa na tundu wapi. Counter-Strike inaua haraka vilevile, ila anayekimbia husikika nyayo zake, na akifyatua huku anakimbia risasi zinatawanyika ovyo. Hakuna anayeweza kutokea ghafla, kwa kasi, kimya, na kupiga shabaha, vyote kwa mpigo mmoja. Inabidi aache kimoja.

Kwako ningeanza hivi. Risasi ya kifua iondoe 34 kati ya uhai 100, yaani zihitajike tatu, sekunde 0.2. Nyayo za anayekimbia zisikike mita 15, za anayetembea zisisikike kabisa. Anayefyatua huku anakimbia aongezewe mtawanyiko wa digrii 5; kwa mita 20 hiyo ni kukosa hadi mita 1.75, kwa hiyo atajifunza kusimama. Aliyekufa aonyeshwe kwa sekunde mbili risasi ilitoka upande gani. Usimwonyeshe adui alipojificha, upande tu unatosha.

Unaweza kujiuliza kama mtawanyiko huo ni wa kweli. Kwa kiasi fulani ndiyo, anayekimbia halengi vizuri. Lakini tofauti kati ya bunduki mbili haihitaji kufuata vitabu vya silaha. Katika Counter-Strike AK inamuua kwa risasi moja ya kichwa hata aliyevaa kofia ya kivita, wakati M4, bunduki ya timu pinzani, inamwacha hai kidogo. Fizikia haikuamua hivyo. Ni bei na mizani kati ya timu mbili, na wachezaji wameikubali kwa sababu haibadilikibadiliki.

Teke la bunduki nalo ni vivyo hivyo. Mwanajeshi hulizuia kwa bega na uzito wa mwili. Kipanya hakina bega. Ukilifanya la kubahatisha kila risasi, hakuna cha kujifunza. Acha risasi ya kwanza iende palepale alama ilipo, zinazofuata zipande kwa mchoro usiobadilika, na kubahatisha kuwe kidogo juu ya mchoro huo. Mwenye mazoezi atavuta kipanya chini kwa kipimo, na ustadi huo utakuwa wake.

Seva ya Ulaya inazidisha kero hiyo. Kutoka Mwanza, safari ya kwenda na kurudi kwa kawaida huzidi milisekunde 100. Kama seva inarudisha nafasi za watu nyuma, hadi pale mpigaji alipowaona, ili kumtendea haki mpigaji, mbinu iliyozoeleka tangu injini ya Half-Life, basi mkimbiaji wa mita 5 kwa sekunde aliyecheleweshwa milisekunde 150 atauawa sentimita 75 baada ya kuingia nyuma ya ukuta. Yeye ataapa risasi imepinda kona. Usiondoe mbinu hiyo, maana bila hiyo mpigaji atalazimika kulenga hewa mbele ya mtu. Iwekee kikomo: seva isirudi nyuma zaidi ya milisekunde 200, na mwenye mtandao mbovu kuliko hapo aumie mwenyewe. Kwa majaribio, tumia kompyuta moja kama seva kwenye waifai ya chumba kimoja, ili ujue lalamiko lipi ni la gemu na lipi ni la nyaya. Ukitafuta seva ya karibu zaidi, ipime kwa pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi, kabla hujalipia; nyaya hazifuati ramani.

Haya mengine ni mepesi. Kuruka: sidhani mhusika wako anaruka nusu mita kama binadamu, bila shaka umempa kama mita 1.1 ili apande kreti. Kwa uvutano wa 9.81, kuruka mita 1.1 kunahitaji mwendo wa kuanzia wa mita 4.65 kwa sekunde na kunamweka hewani sekunde 0.95. Hilo ndilo puto. Uvutano wa 20 na mwendo wa 6.63 vinafika kimo kile kile kwa sekunde 0.66. Ubadilishe kwa mchezaji peke yake, ndani ya msimbo wake wa mwendo. Ukiugusa kwenye mipangilio ya mradi mzima, mabomu ya mkono na vifusi vitaanguka kama vitu vya kuchezea watoto.

Mlango: CharacterController ya Unity, sehemu inayomwendesha mhusika, huja na nusu-kipenyo cha 0.5, yaani mhusika wako ana unene wa mita nzima na mlango una sentimita 90. Hata kupita hapiti; ni wazi uliipunguza kidogo, ndiyo maana wanakwama tu. Iweke 0.3, na mlango uupanue hadi mita 1.2 au 1.3. Kwenye skrini utaonekana wa kawaida. Dari nayo ipandishe hadi mita 3, la sivyo kila chumba kitaonekana stoo.

Kichwa kuuma kunatokana na ile 28. Hesabu yako ni sawa kabisa: skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53, ukikaa sentimita 60 kutoka kwake inajaza digrii 48 za macho yako kwa mlalo, sawa na 28 kwa wima, na Unity kwa kawaida hupima kwa wima. Kijiometri dirisha ni la kweli, ila mchezaji anaishi ndani ya bomba. Weka 60, ambayo kwa skrini ya 16:9 ni kama digrii 91 za mlalo, na umpe mchezaji kitelezi cha kuanzia 50 hadi 75. Bunduki itaonekana imerefuka na kupinda. Ichore kwa kamera yake ya pili yenye pembe ndogo zaidi. Kama umeweka kichwa kuyumba wakati wa kutembea, kipunguze hadi kionekane kwa shida, na kuwe na kitufe cha kukizima kabisa.

Kuna uhalisia mmoja ambao hukuutaja na ningekushauri uuongeze: sauti kuchelewa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde na risasi yako inaikimbia mara mbili. Kwa ramani ya mita 60 tofauti ni kidogo, lakini ukija kutengeneza uwanja wa mita 340, mchezaji atasikia mchapo wa risasi ikimpita, halafu baada ya muda mlio wa bunduki yenyewe. Pengo hilo linampa umbali wa adui, na mlio unampa upande. Gharama yake ni mstari mmoja wa msimbo: gawanya umbali kwa 340, chelewesha sauti kwa jibu hilo.

Usibadilishe yote kwa siku moja. Anza na mwale wa risasi na pembe ya kamera, maana mchezaji anayeumwa kichwa hatakupa maoni ya maana juu ya kitu kingine chochote. Halafu mlango na kuruka. Idadi ya risasi zinazoua iguse mwisho, ukiwa na watu wale wale kwenye waifai ile ile, na uandike kila kifo: aliyekufa anadhani alipigwa kutoka wapi, na kumbukumbu za seva zinasema wapi.